Neno linaloanguka kichwa mbele: kwa wafasiri na wakalimani wapya wa Lubumbashi

Wahitimu wapya wa Kiingereza wanapoanza kugonga milango ya kampuni za migodi, ofisi za forodha za Kasumbalesa na mashirika ya misaada, swali lao ni moja: tuanze kujifunza nini? Wengi wanatarajia niwape orodha ndefu ya maneno ya madini, au mfano wa mkataba uliokwisha kufasiriwa. Mimi huwapa neno moja wakae nalo wiki nzima: "precipitate".

Wanacheka. Wanasema hilo tunalijua, ni kufanya jambo haraka. Hapo ndipo ninapojua kwamba kazi ipo. Neno hili utalikuta kwenye barua ya mwanasheria, kwenye ripoti ya mvua, kwenye maelekezo ya matangi ya kiwanda na kwenye karatasi ya mkunga, na katika baadhi ya sehemu hizo halihusiani na haraka hata kidogo.

Shida yetu sisi watu wa Lubumbashi ni Kifaransa. Tumesomea Kifaransa tangu shule ya msingi, kwa hiyo Kiingereza kikiingia kichwani kinapitia kwanza Kifaransa, ndipo kinateremka kwenye Kiswahili. Siku nyingi njia hiyo inatufikisha salama, kwa kuwa nusu ya msamiati wa ofisini wa Kiingereza una asili ya Kifaransa au Kilatini. Mwenzetu wa ng'ambo ya mpaka, kule Zambia, hana daraja hilo, na wakati mwingine anatuonea wivu. Lakini kwa neno hili daraja limeoza. Mfaransa anasema "se précipiter" kwa mtu anayekimbilia mlango wa basi, na anasema "précipitation" kwa pupa ya kila siku. Mwingereza hasemi hivyo. Mtu akikimbilia basi, kwake ni "rush" au "dash", basi.

Nitaanza na mzizi, kwa sababu hapa mzizi unasaidia kweli, tofauti na maneno mengine ambayo ukichimba asili yake unapoteza muda tu. Warumi walikuwa na neno "praeceps": "prae" ni mbele, "caput" ni kichwa. Ni mtu anayeanguka kichwa kikitangulia. Kutoka hapo wakapata kitenzi cha kumtupa mtu au kitu chini kutoka juu, na Kiingereza kikapata "precipice", yaani genge, ule ukingo unaoshuka wima. Familia nzima ilipoingia katika Kiingereza, ikagawana urithi. Mmoja alichukua kuanguka kwa maji kutoka angani. Mwingine alichukua kutua kwa kitu chini ya chombo. Wa tatu alichukua kulisukuma jambo litokee kabla ya wakati wake. Na wa nne, yule mnayemfahamu ninyi, alichukua tabia ya kutenda kichwa kikiwa kimetangulia kuliko miguu.

Kwa hiyo unapokutana na neno hili, jiulize kwanza: hapa ni nini kinachoanguka? Ni uamuzi, ni mgogoro, ni maji, ni unga wa kobalti, yale madini ya migodi yetu? Jibu ndilo litakalokuchagulia neno la Kiswahili.

Nianze na kivumishi, kwa kuwa ndicho kinachowagombanisha watu. "A precipitate decision" ni uamuzi uliochukuliwa kabla haujaiva, na ndani ya neno kuna lawama. Hili wageni wa kazi hawalioni. Kiingereza kina maneno mengi ya mwendo wa kasi, na kila moja lina hukumu yake. "Prompt" na "swift" ni sifa: mtu amejibu mapema, amefanya vizuri. "Sudden" haina upande, ni ghafla tu. "Hurried" inasema muda ulikuwa mdogo, na huenda mtu hakuwa na la kufanya. "Hasty" inalaumu, kwa lugha ya kila siku. "Rash" inalaumu zaidi, inasema mtu hakujali hatari (na ukiwa hospitali angalia sana, maana "rash" huko ni vipele vya ngozi). "Precipitate" inalaumu kama "hasty", ila kwa lugha rasmi: utaikuta kwa wanasheria, wanadiplomasia na wahariri, ni nadra kuisikia sokoni.

Mfano wa karibu. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda, na mwezi wa kumi mwaka huo ikaleta utaratibu wa mgao. Mwandishi aliyeiunga mkono hatua ile angeiita "swift". Aliyeipinga angeiita "precipitate". Asiyetaka kujulikana yuko upande gani angeandika "sudden". Tukio ni lile lile, tarehe ni ile ile. Mfasiri akiyaandika yote matatu "ya haraka", amewafuta waandishi wote watatu na kumwachia msomaji karatasi isiyo na msimamo.

Na hapa Kiswahili kinatega mtego wake pia. Neno "haraka" kwetu halina lawama. Sikiliza redio: "serikali imechukua hatua za haraka kuwasaidia waliokumbwa na mafuriko." Hiyo ni sifa. Wagonjwa wanataka huduma ya haraka, wafanyakazi wanataka jibu la haraka.

Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye mkutano mmoja wa wafanyakazi na uongozi, kampuni siitaji. Watu walikuwa wanadai posho ya usafiri, na jambo hilo lilikuwa limekwisha kuvuka mwezi. Mkuu wa kituo, mgeni, akasema kwa utulivu kwamba hawatafanya "a precipitate decision". Mkalimani, kijana mwenye sauti nzuri na Kiswahili kilichonyooka, akatoa hapo hapo: "Hatutachukua uamuzi wa haraka." Ukumbi ukanung'unika kama mzinga wa nyuki. Mzee mmoja wa karakana akasimama, akavua kofia yake ngumu akaishika kifuani. "Papa," akamwambia yule kijana, kwa heshima kabisa, "mwambie mukubwa, siye tulishangojea. Beko banatuzungusha tu." Mkuu akageuka kumtazama mkalimani, haelewi kwa nini maneno ya busara yameleta hasira.

Tazama kilichotokea. Mkuu alisema hatutarukia jambo bila kulipima. Wafanyakazi walisikia: tutawachelewesha. Kijana hakukosea kamusi, kamusi nyingi zingemuunga mkono. Ila alikanusha neno ambalo kwa wasikilizaji lilikuwa jema, ndilo walilolijia mkutanoni. Angesema "Hatutaamua bila kupima vizuri", urefu ni ule ule, pumzi ni ile ile, na huenda yule mzee asingesimama. Posho isingelipwa siku ile, sawa, lakini hasira ingeelekezwa mahali pake.

Basi tuseme nini? Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa, kina wingi unaotaka uchaguzi. "Pupa" ni haraka yenye tamaa ndani yake. Ndiyo maana wazee wanasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukiandika "uamuzi wa pupa" umemshtaki mtu kwa tamaa, na pengine Kiingereza hakikumshtaki hivyo. "Papara" ni ya mtu aliyechanganyikiwa, mikono inagusa kila kitu, maneno yanapishana. Inafaa kwa mtu binafsi kuliko kwa bodi ya wakurugenzi. "Kukurupuka" ndiyo ninayoipenda: mnyama kichakani amesikia mchakacho, ametoka mbio bila kuangalia anakokwenda. "Uamuzi wa kukurupuka" unabeba kasi, kutokufikiri na lawama, yote matatu.

Ila nina tahadhari mbili kuhusu kukurupuka. Ya kwanza, lina dhihaka kidogo. Katika barua ya wakili kwenda mahakama ya kazi, dhihaka haifai. Hapo andika "uamuzi uliochukuliwa bila tafakari ya kutosha". Ni refu, lakini wakili halipwi kwa kufupisha. Ya pili, si kila mtu wa Lubumbashi analitumia. Aliyezoea redio za Dar es Salaam analijua; mchimbaji aliyekulia Kenya au Katuba anaweza kulielewa kwa kukisia tu. (Kenya ya kwetu, msomaji wa mbali, ni komini ya hapa mjini, usije ukaipeleka Nairobi.) Mbele ya wafanyakazi mimi hupenda "kukimbilia": "hatutakimbilia kuamua". Au "bila kuwaza", ambalo kila mtu analisema. Kwa karatasi itakayosomwa pia Kalemie, Bujumbura na Dodoma, "kukurupuka" inasafiri vizuri zaidi.

Jambo moja naomba mniache nilikemee: kumtia mwandishi methali mdomoni. Kila mwanafunzi akiona neno la pupa kwenye maandishi ya Kiingereza, mkono unamwasha aandike kwamba haraka haraka haina baraka. Mwanasheria wa Johannesburg hakusema baraka. Ukimkalimania mzungumzaji ambaye mwenyewe ametumia methali, tafuta methali. Kama hakutumia, iache ipumzike.

Sasa kitenzi. Hiki ndicho kigumu na ndicho muhimu zaidi kwenye mikataba, kwa hiyo nitakaa hapa.

"To precipitate" kitu, kwa maana isiyo ya kikemia, ni kukifanya kitokee mapema au kwa ghafla kuliko ambavyo kingetokea. Wanafunzi wanaandika "kusababisha" na kuendelea na safari. Wamekosea kidogo, na kidogo hicho kinaweza kuwa na bei kubwa. "Cause" ni chanzo. "Precipitate" ni msukumo wa mwisho. Kilichosukumwa kilikuwa tayari kimesimama ukingoni mwa genge.

Chukueni habari ya mgodi wa Mutanda, kule karibu na Kolwezi. Bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2018. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 30,000. Mwishoni mwa 2019 Glencore, kampuni iliyouendesha, ikausimamisha mgodi. Ukisoma kwa Kiingereza kwamba anguko la bei "precipitated the closure", ukaandika "anguko la bei lilisababisha kufungwa", umemwambia msomaji wa Kiswahili kwamba sababu ni moja. Lakini kampuni yenyewe ilipoeleza ilitaja pia gharama za pembejeo, hasa asidi ya salfa, na kodi za madini zilizoongezeka. Mwandishi aliyechagua "precipitated" aliziachia nafasi sababu hizo nyingine. Mimi ningeandika: "anguko la bei ndilo lililoharakisha kufungwa kwa mgodi", au kwa nguvu zaidi, "ndilo lililousukuma mgodi kufungwa". Msomaji anabaki na swali sahihi: na nini kingine kilikuwa kimeshauelemea?

Kwenye mkataba swali hilo linageuka fedha. Kifungu kikizungumzia tukio lililo-"precipitate" kuvunjika kwa makubaliano, pande mbili zinaweza kubishana miezi mingi: je, lori lililokwama mpakani ndilo chanzo cha hasara, au lilikuwa kichocheo tu cha hasara iliyokuwa inakuja? Mfasiri asiamue kesi hiyo kwa kalamu yake. "Kuchochea" na "kuharakisha" zinakuweka mahali salama. "Kusababisha" inakuvuta upande mmoja.

Madaktari wana mgawanyo mzuri unaosaidia kuelewa hili. Kwao kuna mambo yanayomwandaa mtu kuugua, kama urithi wa familia, na kuna jambo linalouamsha ugonjwa siku hiyo, ambalo ndilo "precipitating factor". Mtu wa pumu ameishi na pumu yake tangu utotoni. Vumbi la barabara mwezi wa nane ndilo lililomlaza leo. Vumbi ni kichochezi. Ukiandika kwamba vumbi ni chanzo cha pumu yake, daktari atakurudishia karatasi.

Kitenzi hiki kina matumizi mengine yanayofuatana na "into": kitu kimei-"precipitate" nchi "into crisis". Hapa Kiswahili kina neno ambalo Mrumi wa zamani angelifurahia: kutumbukiza. "Kimeitumbukiza nchi katika mgogoro." Kuna ukingo, kuna mkono unaosukuma, kuna shimo. Msitafute lingine.

Haya, twende kiwandani. Mnaoanzia Likasi, Kolwezi, Fungurume au hapa hapa pembezoni mwa mji mtakutana na "precipitate" ya kikemia kabla hamjakutana na mwanasheria yeyote. Na hapa naomba mfute kabisa haraka vichwani. Nimewahi kusoma maelekezo ya kazi ambamo "precipitated cobalt" imekuwa "kobalti ya haraka". Mfanyakazi akisoma hivyo anaweza kudhani kuna kobalti ya haraka na nyingine ya polepole, na kwamba zamu yake inatakiwa kukimbia.

Mkitaka kulifasiri sawasawa, muombe mtu awatembeze kwenye matangi. Ukiisha kuona, hutasahau. Mawe yenye shaba na kobalti yanasagwa, yanaingizwa kwenye asidi ya salfa, na madini yanayeyuka ndani ya kimiminika. Shaba inaondolewa upande mmoja na kugandishwa kuwa mabamba kwa umeme. Kimiminika kinachobaki kinapunguzwa ukali wa asidi hatua kwa hatua. Kwanza chuma, alumini na uchafu mwingine vinajitenga, vinaondolewa. Kisha inaingizwa magnesia, unga mweupe uliokorogwa na maji, hadi kipimo cha pH, kile cha ukali wa asidi, kinapokaribia 8, na hapo kobalti, ambayo ilikuwa haionekani isipokuwa kwa ule wekundu wa maji, inageuka kitu kigumu na kuanza kutua. Hicho kilichotua ndicho "precipitate". Kinapunguzwa maji, kinachujwa, kinakaushwa, kinatiwa kwenye magunia makubwa, kisha malori yanaelekea Kasumbalesa. Wenyewe kiwandani wengi hawasumbuki na neno. Wanasema hidroksidi, na wanaelewana.

Kitu kinachofurahisha ni kwamba kwenye tangi "precipitate" nzuri haitaki haraka. Magnesia ikimwagwa kwa kasi mno, chembe zinazozaliwa ni ndogo sana, zinabeba magnesia ambayo haijafanya kazi, zinashika maji, na mashine ya kuchujia inahangaika nazo. Anayeongoza tangi anailisha taratibu, anangoja. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja wa maelekezo unaweza kukuta Kiingereza kinamkataza mtu asiwe na haraka wakati wa "precipitation". Mfasiri aliyeliita neno hilo "haraka" ataandika sentensi inayojipiga yenyewe.

Kwa Kiswahili neno la vitabuni ni "mashapo". Ni zuri, nalitumia, lakini lina kasoro moja ya kujua. Mashapo ni pia tope linalotua chini ya ndoo ya maji ya mto. Tope lile lilikuwa gumu tangu mwanzo, lilikuwa linaelea tu. Mwingereza analiita "sediment". "Precipitate" haikuwepo ikiwa kitu kigumu. Imezaliwa ndani ya kimiminika kwa sababu kuna kitu kimeongezwa au hali imebadilika. Kwenye karatasi ambayo tofauti hiyo haina uzito, "mashapo" inatosha. Kwenye mafunzo ya wafanyakazi wa matangi, mara ya kwanza eleza kwa maneno: "kobalti inajitenga na kimiminika, inakuwa kitu kigumu na kutua". Ukishaeleza, mistari inayofuata andika mashapo bila wasiwasi. Kitenzi pia kiwe cha kujitenga na kutua. Usitumie kuganda, maji yakiwa barafu yameganda, na kwenye idara ya shaba neno kuganda wanalitumia kwa jambo jingine.

Mvua nitaipitia upesi. "Precipitation" kwenye ripoti za mazingira ni maji yote yanayoanguka kutoka angani: mvua, mvua ya mawe, theluji. Ripoti ya bwawa la maji machafu la mgodi wa Katanga ya Juu inahusu mvua, milimita kama 1,200 kwa mwaka, nyingi zikianguka kati ya Novemba na Machi. Andika "mvua". Usiongeze theluji kwa sababu kamusi imeitaja. Ripoti ikilinganisha mgodi wetu na mwingine wa Kanada, hapo ndipo utaandika "mvua na theluji".

Kosa kubwa zaidi linatoka upande wa pili, tunapoandika Kiingereza sisi wenyewe. Mtu anataka kusema kwamba meneja alisaini kwa pupa. Kifaransa kinamnong'oneza "avec précipitation", naye anaandika "he signed with precipitation". Katika maandishi ya zamani Mwingereza aliwahi kutumia neno hilo kwa maana ya pupa, lakini msomaji wa leo atamwona meneja anasaini huku mvua ikimnyeshea. "In haste" au "hastily" inamaliza kazi.

Wale mtakaofanya kazi na wauguzi na mashirika ya afya, jueni kuna "precipitate labour". Ni uzazi unaokwenda kwa kasi isiyo ya kawaida: tangu uchungu kuanza hadi mtoto kutoka, hazifiki saa 3. Hapa kasi ipo kweli, lawama haipo. Mama hakukurupuka, mwili ndio ulioenda mbio. "Uzazi wa kasi" inatosha, na mkunga atakuelewa. Nimeitaja kwa sababu ni mahali pekee nilipoona kasi na neno hili vinakutana bila mtu kushtakiwa.

Halafu kuna ndugu yake, "precipitous", ambaye anawachanganya hata Waingereza wenyewe. Huyu ni wa genge: mlima mkali, ukuta wa shimo la mgodi ulioinama kwa kutisha. Kwa kutanuka akawa wa namba zinazoanguka wima. Ile bei ya kobalti niliyoitaja, kutoka 90,000 hadi chini ya 30,000, ilikuwa "a precipitous fall". Kiswahili hapa hakihitaji kivumishi chochote, kitenzi kinabeba vyote: bei iliporomoka. Ukiandika "ilishuka kwa kasi sana kama genge" umeongeza maneno na kupoteza nguvu.

Baadhi ya waandishi wa Kiingereza hutumia "precipitous" kwa uamuzi pia, na walimu wa mtindo wanawakaripia kwa hilo. Wewe msomaji usiingie kwenye ugomvi wao. Tazama nomino inayofuata. Ikiwa ni mteremko, ukuta, bei au mauzo, fikiria kuporomoka. Ikiwa ni uamuzi, kujiondoa au kuondoka, mwandishi alimaanisha "precipitate", nawe mfasiri hivyo hivyo. Ukiandika Kiingereza wewe, yatenganishe. Hakuna atakayekulaumu kwa usahihi.

Wakalimani, ninyi mna la ziada, kwa sababu hamna karatasi. Sikio lenu linaweza kuwasaidia. Mkazo uko kwenye silabi ya pili daima: pri-SI-pi. Mwisho wa neno ndio unaotofautiana. Kitenzi kinamalizikia kwa "-teit", wazi kabisa. Kivumishi kinamalizikia kwa "-tit" fupi, karibu imezwe. Ni utaratibu ule ule wa "separate", "moderate" na "deliberate". Na hilo la mwisho lishikeni vizuri, kwa maana "deliberate" ni kinyume halisi cha "precipitate": uamuzi uliopimwa, uliochukuliwa kwa utulivu. Wazungumzaji wa mikutano hupenda kuyaweka mawili hayo katika sentensi moja, na ukidhani "deliberate" ni "kwa makusudi" tu, utamfanya mkurugenzi aseme kwamba anataka kufanya jambo kwa makusudi, kana kwamba analipanga kwa ubaya.

Ukiwa umekwama kabisa, kipaza sauti kinawaka na neno limekupita, usitumie "haraka" kama pa kuegemea. Tumia "bila kupima". Kwa uamuzi inakaa sawa, na haiwezi kumgeuzia mzungumzaji maana yake.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ushauri wangu ni mfupi: mwachieni mwanasheria neno hili. Mwakilishi wa wafanyakazi akisema "mwajiri alikurupuka kutufukuza", andika "the employer dismissed us in haste". Inasomeka, inauma inavyopaswa kuuma, na inafanana na mtu aliyeisema. Ukiandika "a precipitate dismissal" umemvalisha fundi wa karakana suti ya wakili. Wakili wake akiitaka suti hiyo baadaye, atamvalisha mwenyewe.

Na katika daftari lako la msamiati, ambalo natumaini kila mmoja wenu amelianza, usiandike "precipitate" upande wa kushoto na neno moja la Kiswahili upande wa kulia. Andika neno pamoja na kile kinachoanguka: uamuzi kwenye mstari wake, mgogoro kwenye mstari wake, kufungwa kwa mgodi, uchungu wa uzazi, kobalti. Kila mstari na Kiswahili chake, na ukipata sentensi halisi ya kazini ibandike chini yake. Ukurasa wa matangi mpelekee mkemia wa zamu aukague kabla hujamwonyesha mkubwa wako. Mwende saa za asubuhi, kabla sampuli hazijaanza kuletwa. Baada ya hapo hana muda na mtu.